Mchezo wenye mwongozo: mtu mzima aingie wapi, aishie wapi

Ratiba ya darasa la awali, iwe Makorora, Chumbageni au kijiji chochote cha mkoa wa Tanga, haikosi kipindi cha michezo, na mara nyingi kipindi hicho hujazwa kwa moja ya namna mbili. Ama watoto huachiwa uwanja, mwalimu akapata nafasi ya kusahihisha madaftari kivulini, ama darasa zima huimba wimbo wa namba kwa pamoja, mwalimu akiwa mbele na kijiti cha kuonyeshea, hadi moja mpaka ishirini ikae midomoni. Namna zote mbili zina faida zake, na mtoto asiyepata hata moja ana hasara. Hata hivyo, hakuna kati ya hizo iliyo mchezo wenye mwongozo kama wataalamu wa makuzi ya mtoto wanavyouelewa, na kuchanganya mambo haya matatu ndiko kunakowafanya walimu wengi waamini kwamba wameshaujaribu na haukuwasaidia.

Katika mchezo wenye mwongozo, lengo ni la mtu mzima lakini usukani ni wa mtoto. Mwalimu au mlezi huamua mapema ni jambo gani anataka mtoto akutane nalo, huandaa mahali na vifaa vitakavyomvuta kuelekea jambo hilo, kisha humwachia mtoto aamue aanze na nini, afanye kwa njia gani na aache lini. Akiingia katikati, huingia kwa swali, kwa kauli fupi, au kwa kuchukua nafasi ndani ya mchezo wenyewe, na hutoka mapema kuliko anavyotamani. Ukiondoa lengo la mtu mzima, unabaki na mchezo huru. Ukiondoa uamuzi wa mtoto, unabaki na somo la kawaida lililovishwa kanga ya mchezo, na watoto hulitambua upesi kuliko tunavyodhani.

Tuichukue kona ya duka, kwa kuwa Tanga haina uhaba wa mfano huu. Msimu wa machungwa ya Muheza ukiwadia, mafungu hupangwa kando ya barabara kila upande, na mtoto wa miaka 5 anayefuatana na mama yake sokoni anajua fungu ni nini kabla hajajua kuandika namba 5. Mwalimu anayetaka watoto waelewe kwamba idadi ya vitu haitegemei ukubwa wake wala nafasi vinavyochukua anaweza kutandika mkeka, akaweka machungwa makubwa kwa madogo, ndimu, na vifuniko vya soda vitakavyokuwa pesa. Hatangazi kwamba leo wanajifunza idadi. Watoto watatu wanagawana kazi wenyewe, mmoja muuzaji, wawili wateja, na baada ya mabishano kidogo juu ya nani akae na pesa, mafungu yanaanza kupangwa. Hapo ndipo mwalimu anapobisha hodi kama mteja.

"Muuzaji, fungu shilingi ngapi?"

"Mia tano."

"La machungwa mia tano, na hili la ndimu nalo mia tano? Mbona hili naliona dogo? Si nitakuwa nimepunjwa?"

Mtoto mmoja atahesabu kwa kugusa kila tunda na kujibu kwamba yote ni matano. Mwingine ataongeza ndimu mbili ili kimo cha mafungu kilingane, kisha atamtazama mteja kwa fahari kana kwamba tatizo limekwisha. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyeishi kati ya 1896 na 1980, alionyesha kwamba watoto wa umri huu huhukumu wingi kwa macho: ukitanua safu ya vitu bila kuongeza chochote, wengi husema vimeongezeka. Kwa hiyo yule aliyeongeza ndimu hajafanya mzaha, wala hakushindwa kusikiliza. Mwalimu hamwambii kwamba amekosea, bali hubaki mteja: "Nitajuaje kwamba fungu hili lina sawa na lile?" Ikiwa swali limeangukia mahali pake, mtoto huyo au mwenzake atafikia kupanga kila ndimu ikitazamana na chungwa lake, na zile mbili zitabaki peke yake bila mwenza. Ikiwa halikuangukia mahali pake, mchezo unaendelea, mteja analipa na kuondoka, na mwalimu ameshajua cha kuandaa kesho.

Hapo mwalimu amefanya kazi kubwa, ingawa mpita njia aliyechungulia dirishani angesema watoto wanacheza tu. Uchaguzi wa ndimu kuwekwa pamoja na machungwa haukuwa wa bahati, kwa kuwa bila tofauti ile ya ukubwa swali lenyewe lisingezaliwa. Sehemu kubwa ya mwongozo hukamilika kabla mtoto hajakaa mkekani, na ndiyo maana mwalimu anayeingia darasani bila maandalizi, akitumaini kuongoza mchezo kwa maneno matupu, huishia kuamrisha.

Msingi wa nadharia hii ni wa zamani. Lev Vygotsky, Mrusi aliyezaliwa mwaka uleule wa Piaget na kufariki 1934, aliandika juu ya eneo lililopo kati ya yale ambayo mtoto anayaweza peke yake na yale anayoyaweza akiwa na mtu anayemzidi ujuzi, akasema kwamba mafunzo yenye tija hufanyika humo. Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross walichunguza jinsi mkufunzi anavyowasaidia watoto wa miaka 3 hadi 5 kujenga mnara wa vipande vya mbao, wakaeleza msaada mzuri kuwa ni ule unaopunguza ugumu wa kazi kiasi cha kumwezesha mtoto kushughulikia sehemu iliyo ndani ya uwezo wake. Kumjengea mnara si msaada, na kumtazama akihangaika hadi akate tamaa si msaada pia.

Utafiti unaoeleza tofauti hizi kwa uwazi zaidi, kwa maoni yangu, ni ule wa maumbo uliochapishwa mwaka 2013 na Kelly Fisher pamoja na wenzake, wakiwamo Kathy Hirsh-Pasek na Roberta Golinkoff wa Marekani. Watoto wa miaka 4 na 5 waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilicheza na kadi na vijiti vya maumbo kwa uhuru. La pili liliketi na kumsikiliza mtu mzima akieleza sifa za kila umbo. La tatu lilialikwa kuwa wapelelezi wanaotafuta siri ya kila umbo, mtu mzima akiwauliza maswali na kuwahimiza waguse, walinganishe na wajenge. Kisha wote walionyeshwa maumbo ya kawaida na yasiyo ya kawaida, kwa mfano pembetatu ndefu nyembamba iliyolala upande. Waliocheza kwa mwongozo ndio waliotambua vizuri zaidi kwamba pembetatu ya ajabu bado ni pembetatu, na tofauti hiyo ilikuwapo bado walipopimwa baada ya wiki moja. Wale waliosikiliza maelezo walizijua zile za kawaida tu, zilizosimama wima kama zinavyochorwa ukutani mwa madarasa yetu.

Uko utafiti mwingine ambao kila anayependa kueleza angefaa kuufahamu. Mwaka 2011 Elizabeth Bonawitz na wenzake waliwapa watoto wadogo kifaa cha kuchezea chenye siri kadhaa: bomba moja lilitoa mlio, jingine liliwaka taa, jingine lilitoa sauti ya muziki, na ndani ya jingine kulikuwa na kioo. Watoto walioambiwa waziwazi kwamba kifaa hufanya kazi hivi, wakaonyeshwa mlio, walicheza kwa muda mfupi zaidi na kugundua siri chache zaidi kuliko wale ambao mtu mzima aliutoa mlio kama kwa bahati. Watoto hawa hawakuwa wazembe. Walifikiri kwa akili kabisa: ikiwa anayejua amenionyesha jambo moja, basi huenda hakuna jingine la kutafuta. Maelezo kamili yana gharama, na gharama yenyewe ni udadisi uliozimwa kabla ya wakati.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, wakiongozwa na Kayleigh Skene, walikusanya na kupima tafiti 39 zilizofanywa juu ya watoto wa miaka isiyozidi 8. Waliona kwamba mchezo wenye mwongozo uliyashinda mafundisho ya moja kwa moja katika stadi za mwanzo za hisabati, katika ujuzi wa maumbo, na katika uwezo wa mtoto kuhama kutoka kanuni moja kwenda nyingine bila kuchanganyikiwa. Uliushinda pia mchezo huru katika msamiati wa mahali na mwelekeo, yaani juu, chini, kando, katikati. Katika maeneo mengine mengi haikuonekana tofauti ya kutosha kudai ushindi. Matokeo haya yasomwe kama yalivyo. Hayasemi kwamba mchezo ni bora kwa kila somo, lakini yanaondoa hofu ya mzazi anayedhani kwamba kila saa ya mchezo ni saa iliyoibwa kwenye hesabu.

Kuna mambo ambayo mtoto hawezi kuyagundua hata akipewa vifaa vya thamani na siku nzima. Kwamba alama fulani husomwa "ma" ni makubaliano ya watu, si sheria ya maumbile, na mtoto atayajua kwa kuambiwa. Mchezo unaweza kumsaidia kuyakumbuka na kuyatumia, si kuyavumbua. Vivyo hivyo kuvuka barabara. Hakuna mlezi mwenye akili timamu atakayemwachia mtoto agundue mwenyewe kwamba bodaboda haisimami, wala atakayemwacha ajifunze kina cha maji ya bamvua kwa kujaribu. Haya hufundishwa waziwazi, hurudiwa na husimamiwa.

Mchezo huru nao usinyang'anywe nafasi. Mtoto anayekimbia kombolela na wenzake jioni anajifunza kusubiri zamu, kuhukumu hila za mwenzake, kukubali kushindwa na kurudi mchezoni, na mtu mzima akijitia kuongoza hapo huharibu kilichokuwa kikienda vizuri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inautaja mchezo na mapumziko miongoni mwa haki za mtoto, bila sharti kwamba kila mchezo uwe na somo ndani yake.

Suala gumu zaidi, na ambalo makala nyingi za ugenini hulipita juu juu, ni nani hasa anayeongoza. Picha inayoenezwa ni ya mama au baba aliyeketi sakafuni na mtoto wake, kati yao sanduku la vifaa vya rangi. Mtaalamu wa elimu ya tamaduni David Lancy amesisitiza kwa miaka mingi kwamba katika jamii nyingi duniani mtu mzima kucheza na mtoto mdogo si desturi, na watoto wa jamii hizo hawakui wakiwa na akili pungufu kwa sababu hiyo. Barbara Rogoff naye, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wamaya wa Guatemala, alieleza jinsi watoto wanavyojifunza kwa kushirikishwa katika kazi halisi za wakubwa, wakitazama, wakipewa kipande wanachokiweza, kisha kikubwa zaidi. Mtu wa pwani akisoma maelezo hayo haoni jambo geni. Mama anayeamka alfajiri kukanda unga wa maandazi ya kuuza hana saa ya kukaa na sanduku la rangi, lakini mtoto aliyepewa donge lake la unga avingirishe pembeni ya meza yumo ndani ya mchezo wenye mwongozo, hasa mama akimuuliza kwa nini andazi lake moja limekuwa nene na jingine jembamba.

Bibi anayesuka ukili ni mwalimu wa hisabati bila kujitangaza. Miyaa iliyotiwa rangi imetapakaa mbele yake, mjukuu wa miaka 4 anataka kuichezea, na badala ya kumfukuza anamwomba amtengee nyekundu kando na nyeupe kando. Baadaye anaanza kusuka polepole, nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe, anasimama na kumuuliza: "Haya mwanangu, sasa unaona ifuate ipi?" Kuutambua mpangilio unaojirudia na kukisia kinachofuata ni moja ya mizizi ya hisabati ya baadaye. Mjukuu akimpa nyeusi, bibi anaweza kuisuka kama alivyopewa na kumwacha aone mwenyewe jinsi mkeka ulivyobadilika sura. Si kila bibi ataukubali uharibifu huo wa ukili wake, na hatulazimishi.

Kwa watoto wakubwa kidogo, waongozaji wazuri ni kaka na dada zao, na mdako ni ushahidi wa kutosha. Mchezaji hurusha kijiwe juu na kabla hakijadondoka hukomba vijiwe kutoka shimoni; akirusha tena huvirudisha vyote ila kimoja, na katika duru inayofuata hubakiza viwili viwili, kisha vitatu vitatu. Dada wa darasa la tatu anayemchezesha mdogo wake wa darasa la kwanza humpunguzia kazi bila kufundishwa na mtu: humruhusu akombe bila kurusha, amshikie kijiwe, ahesabu kwa sauti. Yale aliyoyaeleza Bruner juu ya mnara wa mbao hufanyika kila alasiri katika vichochoro vya Ngamiani, kwenye ile mitaa inayoitwa kwa namba, ambayo yenyewe ni darasa: mtoto aliyetumwa kutoka Barabara ya 6 kwenda ya 9 ameshafanya hesabu njiani, kama kuna aliyemuuliza atapita ngapi.

Pwani yetu ina historia yake katika jambo hili. Katika miaka ya 1980 huko Mombasa, kwa ombi la jamii za Waislamu wa pwani waliotaka watoto wao waingie shule ya msingi wakiwa wameandaliwa bila kuikosa elimu ya dini, ulianza mpango wa madrasa za awali chini ya Wakfu wa Aga Khan, ukaenea baadaye Zanzibar na Uganda. Mpango huo ulichanganya nyimbo, hadithi na maadili ya jamii na mafunzo ya vitendo, na zana zilitengenezwa kwa vitu vya papo hapo. Umuhimu wake ni kwamba haukuwataka wazazi wachague kati ya chuo cha Kurani na michezo.

Serikali nayo imekwishaandika mengi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali ya mwaka mmoja kuwa ya lazima, na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inaweka ujifunzaji wa awali sambamba na afya, lishe, malezi yenye mwitikio na ulinzi, kwa mujibu wa mfumo uliotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia. Mambo haya matano hayatenganishiki: mtoto aliyekuja darasani na njaa hatavutwa na kona ya duka, isipokuwa kwa nia ya kula machungwa.

Ugumu uko darasani. Mwongozo wa serikali unataka mwalimu 1 kwa watoto 25, na anayefundisha mara mbili au tatu ya idadi hiyo ana haki ya kuuliza ataongozaje mchezo wa nani. Jibu la kweli ni kwamba hataongoza wote kwa siku moja. Anachoweza ni kugawa darasa katika kona, moja ya duka, nyingine ya ujenzi, nyingine ya mchanga na maji, nyingine ya hadithi, akaziacha nyingi ziende kama mchezo huru siku hiyo na kuketi kwenye kona moja tu iliyoandaliwa kwa lengo. Watoto 6 au 8 wakipata robo saa ya mwalimu aliye makini, kisha zamu ikazunguka kwa wiki, faida inazidi ile ya watoto 60 kuitikia kwa pamoja. Vifaa si kisingizio katika mkoa huu, kwa kuwa vifuu, komwe, magamba ya kome, nyuzi za mkonge na maboksi vinapatikana bila gharama. Tahadhari ni moja: komwe, vifuniko na magamba madogo visiwekwe mbele ya watoto walio chini ya miaka 3, ambao hupeleka kila kitu mdomoni na wanaweza kupaliwa, na ndoo ya maji isiachwe bila mtu mzima hata kwa dakika.

Kwa hao wa chini ya miaka 3, mwongozo ni mwepesi zaidi. Mtoto mchanga akitoa sauti, mlezi huirudisha. Akitazama kuku, mlezi humtaja kuku. Akiangusha kijiko mara ya nne, mlezi hukiokota na kusubiri aone atafanya nini. Kumfuata mtoto anakotazama na kutaja anachokitazama humjengea lugha, na halihitaji ratiba.

Linalobaki ni wazazi, ambao wengi hupima shule kwa daftari. Daftari lililojaa mistari ya a na e linaonekana, wakati mafungu ya machungwa hukusanywa na kurudishwa kapuni kabla mzazi hajafika getini. Mwalimu anayetumia mchezo wenye mwongozo hana budi kuandika, si kwa ajili ya mkaguzi peke yake. Sentensi mbili kwa kila mtoto wa kona ya siku hiyo zinatosha: anahesabu kwa kugusa hadi 8 lakini huiruka 6, jana alilinganisha mafungu kwa kimo, leo ameyapanga mojamoja, hakubali mwenzake awe muuzaji. Mzazi akisomewa maneno hayo anamtambua mtoto wake ndani yake, jambo ambalo alama ya vema kwa wino mwekundu haiwezi kumpa, na mwalimu mwenyewe anapata maandalizi ya kesho yake: ndimu ziwe 7, machungwa 6, na yule asiyekubali kuachia duka awe wa kwanza kupewa kikapu cha mteja.